Pagi Aliyeachwa Tanga: Anakoroma, Mnene, na Juzi Alianguka

SWALI: Daktari, shikamoo. Nilikuwa nafanya kazi za ndani kwa familia ya wageni hapa Tanga. Mkataba wao umeisha, wamerudi kwao, na ndege ilikataa kumbeba mbwa wao kwa sababu ya uso wake bapa. Ni pagi jike wa miaka sita, anaitwa Popi. Wameniachia mimi, pamoja na mifuko miwili ya chakula. Tunaishi vyumba viwili vya kupanga, bati tupu, hakuna dari. Usiku anakoroma kuliko mtu mzima. Juzi nilitoka naye saa nne asubuhi kwenda sokoni, akalegea njiani, akalala chini, ulimi ukawa wa zambarau. Nilimbeba mpaka kivulini, akarudi polepole. Jicho la kushoto lina utando mweupe na linatoa machozi. Nimempima kwenye mizani ya dukani, ana kilo 11 na nusu. Anakula ugali na dagaa kama sisi, na asubuhi chai na mkate. Mama hamtaki ndani kwa sababu ya swala. Binamu yangu anasema tumzalishe tuuze watoto. Je, mbwa hawa ndivyo walivyo, au anaumwa? Na nimpe nani?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Naanza na jicho, maana hilo halingoji.

Macho ya pagi yametokeza nje kwa sababu shimo la jicho kwenye fuvu lake ni fupi mno. Kope hazifungi sawasawa, wengine hulala jicho likiwa wazi kidogo. Vumbi, ncha ya jani, hata nywele za mkunjo wa juu ya pua yake mwenyewe, vyote hugusa kioo cha jicho. Utando mweupe pamoja na machozi nitauhesabu kuwa ni kidonda kwenye kioo hicho mpaka daktari athibitishe vinginevyo. Atadondosha rangi maalumu ambayo hung'aa kijani penye mchubuko, na atapima machozi kwa kikaratasi kinachowekwa kwenye kope kwa dakika moja. Kikilowa chini ya milimita 15, jicho ni kavu na litahitaji dawa ya kila siku, pengine maisha yake yote. Mpeleke leo, au kesho alfajiri. Usiende duka la dawa ukanunua matone ya watu. Mengi yana deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, au dawa za jamii yake, na hizo zikiingia kwenye kidonda cha jicho hulifanya lioze badala ya kupona. Usitie asali, wala maji ya chai. Nimeona macho yaliyotobolewa na huruma ya namna hiyo, na wenye mbwa walikuwa watu wema kabisa.

Sasa swali lako lenyewe: ndivyo walivyo, au anaumwa? Yote mawili, na hapo ndipo penye uchungu. Kukoroma kwa pagi watu hukuona kama kichekesho, wakamrekodi na kumrusha mtandaoni. Mimi nikimsikia naona mnyama anayehangaika kuvuta hewa.

Pagi hakuumbwa hivi tangu mwanzo. Asili yake ni China, akafika Ulaya na Waholanzi kwenye karne ya 16. Mchoraji Mwingereza William Hogarth alijichora mwaka 1745 akiwa na pagi wake, na ukiitazama picha hiyo utaona mbwa mwenye pua iliyochomoza na miguu mirefu kuliko ya Popi. Uso uliobonyea ni kazi ya wafugaji, waliochagua kizazi baada ya kizazi wale wenye nyuso fupi zaidi kwa sababu zilifanana na za watoto wachanga. Mfupa ukafupika, lakini nyama iliyomo ndani haikufupika kwa kiasi hicho. Tundu za pua zikawa kama mistari miwili. Kaakaa laini, ile nyama ya nyuma ya kinywa, ikabaki ndefu na kuning'inia juu ya mlango wa hewa. Ndani ya pua nyama zikasongamana. Kila pumzi anaivuta kama mtu anayenyonya soda kwa mrija uliobanwa: unavyozidi kuvuta ndivyo mrija unavyozidi kujikunja. Miaka ikipita, kuvuta huko kwa nguvu kunadhoofisha koo lenyewe. Ndiyo maana pagi aliyekoroma kidogo akiwa na mwaka mmoja anaweza kuanguka akiwa na sita.

Chuo cha mifugo cha London, Royal Veterinary College, kilitoa utafiti mwaka 2022 uliowalinganisha pagi wa Uingereza na mbwa wengine. Pagi walikuwa na uwezekano karibu mara mbili wa kupata ugonjwa mmoja au zaidi kwa mwaka, na kwa tatizo hili la njia ya hewa uwezekano wao ulikuwa takriban mara 54. Uingereza kuna baridi, dada. Sisi tuko Tanga.

Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema: hewa inapita kwenye pua na ulimi ulioloa, maji yanakauka, joto linatoka. Popi hana pua ya kutosha kwa kazi hiyo. Na pwani wakati wa kaskazi, tuseme kuanzia Desemba mpaka Machi, hewa yenyewe imebeba maji kiasi kwamba hata ulimi haukauki. Unazijua zile siku ambazo nguo zinabaki mbichi kwenye kamba na wewe unatiririka jasho? Siku hizo pagi anaweza kuhema mpaka misuli ichoke na joto lake lisishuke hata nusu digrii. Tena kuhema kwenyewe ni kazi, na kazi huongeza joto. Koo linavimba, njia inazidi kuziba. Kilichomkuta juzi ni mwanzo wa mzunguko huo. Ulimi wa zambarau maana yake damu ilikuwa imeishiwa hewa. Wewe kumbeba kivulini kulimwokoa.

Likitokea tena, kuna utaratibu wa kufuata, na naomba uukariri wewe na mama na yeyote anayeshinda naye. Mpoze kwanza, safari ya kwa daktari baadaye. Mmwagie maji ya bomba mwili mzima, hasa tumboni, mapajani na kwapani, au mkalishe kwenye beseni huku ukimshikilia kichwa kiwe juu. Washa feni impulize akiwa amelowa. Kama umeme umekatika mpepee kwa ungo. Usimlazimishe kunywa. Usimfunike.

Hilo la kutomfunika nalisisitiza kwa sababu ya pagi mmoja niliyeletewa mchana wa Januari. Wenyewe walimzungushia taulo zito lililoloa, wakampakia kwenye gari, wakakaa kwenye foleni dakika 40 wakiamini wanampoza. Taulo lilikuwa limegeuka blanketi. Nilipolifungua, ngozi yake ilikuwa ya moto kama chungu kilichoipuliwa, na kipimajoto kilisoma zaidi ya 42. Mbwa mzima ana nyuzi 38 hadi 39.2. Ikifika 41 ubongo, figo na utumbo vinaanza kuungua. Hatukumpata. Wangemmwagia ndoo tatu za maji pale uani kabla ya kuwasha gari, naamini ningekuwa nawasimulia habari nyingine.

Mbwa akitulia, au kipimajoto kikishuka hadi 39.5, acha kumwagia maji, kisha mpeleke kwa daktari hata kama anatikisa mkia. Figo na damu huonyesha madhara saa kadhaa baadaye, wakati mwingine kesho yake.

Chini ya bati tupu, mchana, hapafai kwa Popi. Sisemi hivi kukusimanga. Najua vyumba vya kupanga vilivyo. Mtafutie sakafu ya saruji kwenye upande unaopigwa na upepo wa bahari, uimwagie maji mara mbili tatu kwa siku na umwache alalie unyevu huo. Feni ya chini humsaidia kuliko panga boi, maana yeye anaishi chini. Kutembea ni kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, au baada ya saa mbili usiku. Dakika kumi zinamtosha kwa sasa. Sokoni saa nne, asiende tena. Usimvute kwa mkanda wa shingoni, kwa sababu unaibana ile njia ambayo tayari imebanwa. Fundi viatu anaweza kukushonea mkanda wa kifuani kwa utepe mpana, mlete Popi apimwe kama anavyopimwa mtu nguo.

Akilala fofofo, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Zikizidi 30 usiku baada ya usiku, andika na umwambie daktari. Andika pia kama hulala ameketi, au ameweka kidevu juu ya kitu. Anafanya hivyo ili koo libaki wazi.

Sasa kilo 11 na nusu. Kipimo kinachotambulika cha pagi ni kilo 6.3 hadi 8.1. Popi amebeba zaidi ya kilo tatu ambazo si zake, na sehemu ya mafuta hayo imekaa shingoni na kifuani, ikiisukuma njia ya hewa kutoka nje huku kaakaa likiiziba kutoka ndani. Kama ningeruhusiwa kukupa dawa moja tu ya pumzi zake, ningekupa mizani. Nimeona pagi waliopungua kilo mbili wakapanda ngazi ambazo walikuwa wakibebwa. Ni tiba isiyo na kisu, na bei yake ni uvumilivu tu.

Mbwa wa kupunguzwa hadi kilo saba na nusu anahitaji nishati ya takriban kalori 320 kwa siku. Kwenye chakula kikavu kama kile ulichoachiwa hiyo ni karibu gramu 90, lakini soma nyuma ya mfuko, kwa sababu vinatofautiana. Zipime dukani mara moja, uzitie kwenye kikombe, uweke alama ya kalamu. Kikombe hicho kigawe mara tatu kwa siku, basi. Chapati moja ya mafuta inakula zaidi ya nusu ya posho yake ya siku nzima, kwa hiyo mwenzio akimkatia "kipande kidogo tu" anamnyang'anya wiki ya jitihada zako. Chai ya sukari na mkate viishe leo. Mchuzi pia, na hapa si habari ya unene: mchuzi wetu una vitunguu, na vitunguu huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Akilia njaa, na atalia, pagi ni mlafi kwa kuzaliwa, mwongezee mchicha uliochemshwa bila chumvi au kipande cha boga.

Mifuko ikiisha, usirudi kwenye ugali mtupu. Dagaa ni wazuri, ila waloweke na kuwaosha chumvi na mchanga. Wawe sehemu kubwa na ugali uwe kidogo, mbogamboga zijaze tumbo. Muulize daktari akupangie pamoja na madini yanayokosekana. Lengo lako ni apungue asilimia moja au mbili ya uzito wake kwa wiki, yaani gramu 115 hadi 230 kwa sasa. Usizidishe hapo. Kufikia kilo nane itakuchukua miezi mitano, pengine minane. Mpime kila Jumamosi kwenye mizani ileile.

Kuhusu binamu yako. Mwambie hapana, na kama jina langu litakusaidia, lisingizie. Popi ana miaka sita. Huo si umri wa kuzaa mara ya kwanza. Watoto wa pagi wana vichwa vikubwa kuliko nyonga za mama zao, wengi hutolewa kwa kupasuliwa, na kumlaza kwa dawa ya usingizi mbwa mnene asiyeweza kupumua akiwa macho ni hatari ambayo daktari huikubali pale tu pasipo na njia nyingine. Na hao watoto wakipona? Watarithi koo lilelile, wauzwe kwa watu wa Dar es Salaam na Mombasa ambao hawajaambiwa chochote, halafu miaka mitano baadaye mtu mwingine aniandikie barua kama yako. Uholanzi tayari imeweka kanuni kwamba mbwa ambaye pua yake haifikii theluthi moja ya urefu wa fuvu asizalishwe. Huko ndiko pagi walikoingilia Ulaya.

Kinachomfaa Popi ni kufungwa kizazi, lakini si mwezi huu. Apungue kwanza. Mbwa jike asiyefungwa, akifika umri huu, anaweza kupata usaha kwenye kizazi wiki chache baada ya kumaliza siku zake za kutaka dume. Ukimwona anakunywa maji kupita kawaida, hali, tumbo limejaa au anatoa uchafu, usingoje kupungua kwa uzito, ni dharura. Siku ya upasuaji muulize daktari maswali mawili: atamwekea mpira wa hewa kooni, na atauacha mpaka Popi aamke na kuinua kichwa mwenyewe? Pagi wengi hawafi mezani. Hufa baada ya mpira kutolewa mapema, wakati kila mtu ameshageuka kunawa mikono. Kama yupo mtu aliyefunzwa, katika usingizi huohuo anaweza kumpanua tundu za pua na kumpunguza kaakaa. Ataamua kwa kumsikiliza kooni, kumkimbiza mchakamchaka dakika tatu asubuhi penye baridi, kisha kumsikiliza tena. Ndivyo wanavyofanya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, na wanampa mbwa daraja kuanzia 0 mpaka 3. Kwa jinsi ulivyoniandikia sitashangaa Popi akipewa 3, lakini hilo aseme aliyemshika.

Mama yako anastahili kusikilizwa. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wa pwani wanafuata, mate ya mbwa ni najisi nzito, na mtu anayeswali mara tano kwa siku katika vyumba viwili hawezi kuambiwa tu azoee. Ukimficha Popi chumbani utawapa wote wawili maisha ya hofu. Kwa muda huu mpe baraza ya nyuma, vyombo vyake peke yake, ndoo yake, na mlango ambao haupiti penye mikeka ya swala. Kisha umtafutie nyumba.

Na nyumba hiyo, kama unaweza kuchagua, iwe mlimani. Una bahati ya kuishi mkoa wenye Lushoto, mita kama 1,400 juu ya bahari, ambako watu huvaa sweta. Arusha iko kwenye kimo cha karibu hivyohivyo. Kuna wengi watakaomtaka Popi kwa sababu ni mbwa wa kizungu na anapendeza kwenye picha. Wewe tafuta anayemtaka na anayekaa penye baridi, au mwenye chumba chenye kiyoyozi na anayeshinda nyumbani. Wazee waliostaafu huwa walezi wazuri mno wa pagi; mbwa huyu hataki kukimbia, anataka miguu ya mtu ya kulalia.

Usimtangaze kuwa ni wa bure. Cha bure huja kuchukuliwa na yeyote, akiwemo wa kumzalisha. Omba mchango wa kiasi, angalau gharama ya chanjo, na uende mwenyewe kuona anakolala. Muulize: mchana nani yupo? Mbwa mwingine mkubwa yupo? Ulikuwa na mbwa kabla, alifanywa nini? Mwandikishiane karatasi, hata ya daftari, mbele ya balozi wa nyumba kumi, kwamba hatazalishwa, na kwamba mambo yakishindikana atarudishwa kwako, hatapelekwa kwingine. Umpe majuma mawili ya majaribio. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka anayemiliki mnyama amtunze asiteseke, kwa hiyo huombi upendeleo unapouliza maswali haya.

Safari isiwe ya buti la basi wala ya mchana. Tafuta gari la mtu, ondokeni saa kumi alfajiri, dirisha wazi, tumbo la Popi likiwa tupu, na dumu la maji miguuni. Mpelekee chakula chake kilekile, wakibadilishe kidogo kidogo kwa wiki nzima. Mwachie kanga yako uliyoivaa, usiifue. Siku tatu za kwanza anaweza asile na asimtazame mtu. Amefiwa mara mbili, kwanza na wale walioondoka, sasa na wewe.

Mengine nayapitia upesi. Mkunjo wa juu ya pua uufute kila siku kwa kitambaa chenye maji ya chumvi kidogo, kisha uukaushe vizuri, kwa sababu unyevu ndio unaooza. Kupe mtoe kila jioni, angalia masikioni na katikati ya vidole. Homa ya kupe pwani hii ni kawaida, na dalili zake ni fizi nyeupe, uchovu na damu puani. Usimwogeshe kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, imewaua mbwa wadogo wengi. Matandiko yake yapigwe pasi pande zote, kwa sababu kuna nzi anayetaga kwenye nguo zilizoanikwa na funza wake huingia kwenye ngozi. Panadol na diklofenaki za nyumbani zisimguse. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya lazima. Ulizia ofisi ya mifugo ya halmashauri, hasa karibu na Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, mara nyingi huchanja bila malipo. Akianza kupepesuka miguu ya nyuma au kupata degedege, niandikie siku hiyohiyo. Pagi wana magonjwa ya uti wa mgongo na ya ubongo ambayo hayafanani na haya tuliyozungumza.

Kesho ukienda kwa jicho, toka saa kumi na mbili kasoro, mbebe, usimtembeze, na uchukue chupa mbili za maji: moja ya kunywa, moja ya kummwagia. Mwambie daktari kuhusu kuanguka kwa juzi kabla hajamshika, ili asimlaze chali wala kumbana mdomo. Kisha nitumie uzito wa Jumamosi hii.